Pongezi kwa Wapika Mbege wa Kilimanjaro

Desemba ikikaribia, Wachaga walioko Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hufunga safari kwenda kula Krismasi nyumbani Kilimanjaro. Huko Marangu, Machame, Kibosho na Rombo, akina mama wapika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, huwa tayari wako jikoni. Hawa wanastahili pongezi.

Kazi yao haina njia ya mkato. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huloweshwa, huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Magome ya mti wa msesewe huleta uchungu unaoudhibiti utamu wa ndizi. Maji ya ndizi yaliyochujwa huchanganywa na uji huo, na povu likishapanda, mbege iko tayari. Haikai siku nyingi, hivyo mpishi hupiga hesabu zake kuanzia siku ya sherehe kurudi nyuma.

Posa, harusi, tambiko, suluhu ya ugomvi wa ndugu: kote huko kibuyu cha mbege hupokezanwa, wazee wakitangulia.

Ukipanda mlimani msimu huu, nunua kwa mama anayepika mwenyewe, umlipe bei yake bila kumlalia. Ujuzi huo una thamani kubwa.