Babu, Kezilahabi na neno "guni"

Mwalimu wa Kiswahili alinirudishia karatasi ikiwa na neno moja la wino mwekundu: guni. Nilikuwa nimeandika shairi juu ya msiba wa babu, hapa Kisiba, bila vina. Nyimbo za Kinyakyusa nilizozisikia usiku ule wa msiba zilikwenda kwa kurudiarudia, na hakuna aliyehesabu mizani. Nikalitupa. Nikatunga jingine, vina vya kati -ni, vya mwisho -ma, nikapata 18 kati ya 20. Babu hakuwemo.

Ndiyo maana Euphrase Kezilahabi simsomi kwa utulivu. Kichomi ilipotoka 1974, alijitetea mwenyewe katika utangulizi: anataka ushairi utumie lugha wanayozungumza watu kila siku. Wanamapokeo walimjia juu. Walikuwa na Sheria za Kutunga Mashairi za Amri Abedi, kitabu cha 1954, na hoja yao haikuwa ya kijinga, ingawa sisi tunaompenda Kezilahabi huipita mbio. Kwao shairi ni wimbo. Lisiloimbika limepungukiwa.

Nimeisoma Kichomi kwa sauti, nyuma ya nyumba, migombani. Kuna kurasa zinazokwama mdomoni kweli. Baadhi naziona ni insha iliyokatwakatwa mistari. Msimamo umefika, shairi bado liko njiani. (Najua nitatukanwa kwa hili.)

Ila mtu huyu hakurudi kwenye vina ili apatane na watu. Karibu Ndani ikatoka 1988, Dhifa 2008. Miaka 34 tangu Kichomi, na bado mashairi huru. Katika Dhifa namsikia mtu aliyekwisha kuacha kubishana, anaandika tu.

Wala hakuwa mgumu kwa kila kitu. Kwenye riwaya alijigeuza kabisa: aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971, hadithi ambayo msomaji yeyote anaifuata, ndiye aliyeandika Nagona na Mzingile miaka ya 1990 na 1991, vitabu vinavyokupoteza kwa makusudi. Na alijua kusubiri. Kaptula la Marx, tamthilia aliyoiandika miaka ya 1970 akiidhihaki siasa ya Ujamaa, ilichapishwa 1999. Ukisoma vyote pamoja unaona alichagua pa kusimama. Mimi nilisimama juma moja, nikauza msimamo kwa alama 18.

Kezilahabi alifariki 2020. Mwezi uliopita nililiandika upya lile shairi la babu, bila vina, nikamsomea bibi jikoni, nikimfasiria kwa Kinyakyusa mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mstari wa tatu, akanikatiza. Rangi ya ng'ombe aliyechinjwa siku ile nimeikosea, mjukuu wangu, alisema. Nirudie.