Nani Mtunzi? Jina na Jalada katika Michezo ya Video

Tukihakiki riwaya tunaanza na jalada: nani katunga, nani kachapisha? Mimi ni mchezaji wa magemu wa siku nyingi, na naona swali hilohilo lafaa kuulizwa kuhusu michezo ya video. Hoja yangu ni kwamba historia ya sanaa hii ni mvutano juu ya jina. Anayetunga anataka atajwe. Mwenye mtaji anataka lake tu lionekane.

Tuanze na Atari ya Marekani. Miaka ya 1970 kampuni hiyo haikuwataja watunzi wa michezo yake. Warren Robinett, aliyetunga Adventure (1980) peke yake, akafanyaje? Alijenga chumba cha siri ndani ya mchezo, humo akaandika jina lake. Wengine huona huo ni utani tu. Hapana! Chumba kile ni fani iliyozaliwa na unyonyaji. Wenzake wanne wao waliondoka mwaka 1979, wakaanzisha Activision na kuwataja watunzi waziwazi. Ndivyo David Crane, mtunzi wa Pitfall! (1982), alivyojulikana kwa wachezaji. Lakini tazama kilichofuata: Activision nayo ikawa mchapishaji mkubwa, ikaungana na Blizzard, na mwaka 2023 Microsoft ikazinunua kwa takribani dola bilioni 69. Mtoro kageuka bwana shamba.

Mfano wa pili ni Metal Gear Solid V: The Phantom Pain (2015). Konami ya Japani iliondoa kwenye jalada maneno yaliyoutambulisha mchezo kuwa wa Hideo Kojima. Kumbe ndani, misheni baada ya misheni, orodha ya majina inajitokeza, na la Kojima limo. Jalada likawa la mchapishaji, matini ikabaki ya mtunzi. Mwaka huohuo Konami iliiondoa P.T., kazi fupi ya Kojima ya mwaka 2014, kwenye duka la PlayStation. Asiyekuwa nayo tayari, basi tena. Sasa mhakiki atahakiki nini?

Wapo watakaosema mchezo mkubwa hutengenezwa na mamia ya watu, kwa nini tumtukuze mmoja? Nakubaliana nao nusu. Jina la Kojima nalo linawafunika wachoraji, wanamuziki na waandika programu. Ila dawa yake ni kuongeza majina, si kuyafuta. Red Dead Redemption 2 ilipotoka mwaka 2018, baadhi ya walioitengeneza hawakutajwa mchezoni kwa sababu tu waliacha kazi mapema. Rockstar ikawawekea orodha kwenye tovuti yake. Hicho ndicho chumba cha siri cha leo, tena kimejengwa nje ya nyumba.

Wenzangu, mchezo ukiisha msikimbilie kuzima mashine. Ile orodha ndefu inayopita taratibu ni sehemu ya matini. Isomeni, kisha mwulize nani hayumo.