Nairobi Half Life, na mama mboga ako wapi?

Kabla hujapanda matatu ya 58 kwenda Buruburu mara ya kwanza, kuna mtu atakuwa ameshakuonya. Ficha simu. Funga dirisha. Ukifika steji usizubae. Mara nyingi mwenye kuonya hajawahi kuvuka Jogoo Road. Eastlands anaijua kwa habari za saa tatu usiku na kwa sinema, na ukimbana ataje sinema gani, atakwambia Nairobi Half Life.

Juzi niliirudia, Umoja, kwa laptopu ya jirani, tukiwa watu watano na chupa moja ya chai. Katikati ya picha, jirani mmoja, mama wa makamo, akauliza: "Na mama mboga ako wapi?" Tukacheka, kisha tukaanza kumtafuta. Kama yupo, anapita nyuma ya kamera.

Tusiidharau lakini. Picha hii ya David "Tosh" Gitonga, ya 2012, ndiyo ya kwanza Kenya kuipeleka kushindania Oscar, na Joseph Wairimu alishinda tuzo ya mwigizaji bora Durban mwaka huo huo. Alistahili. Mwas ni kijana wa kijijini anayetaka kuwa mwigizaji. Anashuka mjini, anaporwa kabla hata hajajua kushoto wala kulia, analala seli, na huko anakutana na Oti. Pale analazimishwa kusafisha choo cha seli, uso wa Wairimu unakuambia yote kuhusu Nairobi ambayo haikukuita. Na lugha! Watu wanaongea vile watu wanaongea, si ile Kiswahili ya kusoma ubaoni. Kwa hilo pekee tunaidai shukrani.

Shida yangu ni Gaza, maskani ya Oti na wenzake. Picha haisemi iko wapi hasa, kwa hivyo mtazamaji anajijazia: Dandora, Kayole, Kariobangi, yote sawa. Na ndani ya Gaza hakuna asubuhi. Kuna dili, kuna bunduki, kuna usiku. Hatumwoni msee wa mjengo akitoka saa kumi na moja alfajiri kwa miguu ili abaki na nauli ya kurudi. Hatusikii nyundo za Kamukunji, ambako mabati yanageuzwa masanduku ya shule na majiko siku nzima. Landilodi hagongi mlango tarehe tano. Mwenye amewahi kuishi kwa ploti anajua hofu yake ya kila mwezi si ya jambazi, ni ya huyo.

Na mitaa hii haifanani. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba za mawe zimezunguka ukumbi wa kijamii uliobatizwa "bunge" kwa sababu ya siasa zilizopigwa humo. Buruburu ni mtaa wa watu wa mkopo wa nyumba, tangu miaka ya 1970. Ukifika Ziwani mwisho wa mwaka utakuta Koth Biro, mashindano ya mpira ambayo jina lake kwa Kijaluo ni "mvua inakuja", na utakuta umati umesimama kwenye tope, simu mkononi, ukirekodi chenga. Simu zile zile ulizoambiwa ufiche.

Sasa, kuna wale wanaojibu sinema kama hii kwa picha za watoto wanaocheka na maneno matamu kuhusu mtaa usiokata tamaa. Hao pia wananichosha. Watu huporwa Eastlands. Mimi nimeporwa, na si mara moja. Rafiki yangu wa Mombasa alipokuja kunitembelea nilimwambia avue mkufu, halafu nikaona haya wiki nzima, kwa sababu alikaa siku sita na kitu pekee alichopoteza ni usingizi. Kelele za disko matanga.

Ila jina baya lina kazi linayofanya, na hapo ndipo Gitonga aliona mbali kuliko wanaomsifu. Kuelekea mwisho polisi wanawashika vijana wa genge, na hawawapeleki kortini. Wanaanza kuwaua. Miaka mitano baadaye, 2017, Mathare Social Justice Centre ilitoa ripoti iliyohesabu visa 803 vya mauaji ya polisi nchini kati ya 2013 na 2016. Kila mara maelezo ni yale yale: alikuwa mshukiwa. Mtaa wako ukishajulikana kwa ujambazi, hakuna anayeuliza ulishukiwa nini.

Picha inatuonyesha risasi hizo bila kupepesa macho, na ninaiheshimu kwa hilo. Lakini waliopangwa mbele ya bunduki ni wezi tuliowaona wakiiba, kwa hivyo tunawalilia nusu nusu. Kijana anayetoka kazini usiku na kitambulisho mfukoni hayumo. Mamake, ambaye angetoka nje na leso begani kuuliza kuna nini, hayumo pia.

Picha ilipoisha, yule jirani alikunywa chai yake iliyopoa, akasimama. Alikuwa na sukuma ya kukata kabla wateja wa jioni hawajafika.