Anza na Droo ya Tatu

Mwenye jiko akitaka kukuonyesha alivyolipanga, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye kabati la juu, lile lenye makopo ya kioo yaliyolingana urefu. Angalia, sifia, kisha omba kufungua droo ya tatu. Ya kwanza huwa ya vijiko na visu, ya pili ya miiko, upawa na chujio, na hizo mbili kila mtu hujitahidi. Ya tatu ndiyo inayopokea kila kisicho na kwao: mishumaa, betri zisizojulikana kama zimekwisha, ufunguo wa kufuli lililotupwa zamani, risiti, mpini uliobaki bila kisu.

Simwambii mtu aifanye droo hiyo tupu. Vitu vinavyotangatanga vipo katika kila nyumba, na visipopewa mahali hujitafutia, ukavikuta mara nyuma ya sahani, mara ndani ya bakuli la kutu. Hapo unapima mambo mawili: kwamba droo ya namna hiyo ni moja tu, na kwamba ukiivuta unauona ubao wa chini. Ipo pia alama moja ndogo ninayoitafuta kila mara, nayo ni mfuko wa rambo. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ukikuta fungu la rambo zimekunjwa vizuri na kusukumwa nyuma kabisa ya droo huko Kinondoni, huna haja ya kuuliza mara ya mwisho ilimwagwa yote lini.

Ukishatoka kwenye droo, hesabu vizuizi. Taja kitu, kisha hesabu vitu vingapi vinaondolewa njiani kabla hakijashikwa. Chumvi: sifuri. Mwiko wa ugali na sufuria yake: sifuri, na nikiwa na huruma, kimoja. Sufuria ya pilau ya watu thelathini inaweza kuwa nyuma ya vitu vitano na nisiseme neno, maana hiyo hutoka Idi na siku ya hitima. Majiko mengi niliyoyaona hesabu yao imepinduka: glasi za wageni ziko usawa wa macho, chumvi iko nyuma ya chupa ya siki.

Kuhesabu namna hii kuna historia. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Austria, alichora jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani, katika mradi uliosimamiwa na Ernst May. Lilikuwa chumba chembamba, meta 1.9 kwa meta 3.4, na likajengwa katika nyumba zipatazo 10,000. Alipima kazi za jikoni kwa saa na kwa hatua, akaweka droo za alumini za vyakula vikavu, kila moja na jina lake, na za unga zikatengenezwa kwa mti wa mwaloni ili kuwazuia wadudu. May mwenyewe baadaye alikuja huku kwetu. Alihamia Tanganyika mwaka 1934, kisha akafungua ofisi ya usanifu Nairobi, na hoteli ya Oceanic ya Mombasa ilikuwa kazi yake. Jiko la Frankfurt nalivulia kofia kwa vile vipimo. Kwa majina ya kudumu, hapana. Droo iliyoandikwa mchele katika nyumba inayokula ugali ama itakaa tupu ama itasema uongo, na droo zile ziliwekwa chini kiasi kwamba watoto walizifikia. Msanifu, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwa mtu wa kupika.

Sufuria zetu zisizo na mikono zinapangika zenyewe, moja ndani ya nyingine, kumi mahali pa moja. Kwa hiyo usipumbazwe na mrundo ulionyooka. Inua ya juu, upitishe kidole ndani ya ile iliyoipokea. Kikitoka na masizi, basi sufuria ya mkaa imelazwa ndani ya sufuria ya gesi, na kesho humo ndimo yatakamochemshiwa maziwa ya mtoto. Anayejua kupanga ana marundo mawili, la mkaa na la gesi, na kikaango kisichogandisha amekitenga kwa kitambaa ili kisichubuliwe na kile kilichokilalia.

Ufundi wa kweli uko kwenye mifuniko. Mifuniko iliyolala juu ya sufuria hudai kuondolewa yote ili upate mmoja, tena kwa kelele ya kuamsha nyumba. Nataka kuiona imesimama wima, mkubwa hadi mdogo, kwenye kichanja cha zamani cha kukaushia sahani au nyuma ya ubao mwembamba uliopigiliwa ndani ya mlango wa kabati. Mfuniko uliobaki yatima, usioenea sufuria yoyote, hauna sababu ya kuwepo. Kila jiko linao mmoja hata hivyo.

Sahani na vikombe nisivipotezee muda: viwe karibu na vinapooshewa, basi.

Kwenye nafaka ndipo pa kukaa. Kopo la kioo linakuonyesha mchele, halikuonyeshi umri wake. Fukusi jike hutoboa punje, akataga yai ndani na kuliziba tundu, na kwa joto la pwani mdudu mzima hutoka baada ya mwezi hivi. Maana yake mchele unaweza kuingia kabatini ukiwa safi machoni na umekwisha kubeba mzigo. Ndiyo maana ninachokikagua ni namna kopo linavyojazwa. Chukua kijiko kirefu, kizamishe hadi chini, kwaruza pembeni, ulete juu kilichopo. Ukiona vumbi jeupe, punje zenye matundu, au punje zilizoshikana kwa nyuzi za viwavi wa nondo, umekwisha pata jibu: mpya humiminwa juu ya masalio na kopo hilo halijawahi kufika mwisho. Fundi humaliza la zamani kwanza, huliosha kopo, huliacha likauke kabisa juani, ndipo humimina. Mwenye friza hupitisha maharage na kunde humo siku tatu nne kabla ya kuziweka kabatini. Na kama kuna karatasi imebandikwa koponi, nifurahie tarehe iliyoandikwa kuliko jina. Sukari kila mtu anaijua kwa kuiona; ilinunuliwa lini, hakuna anayekumbuka.

Tazama na wingi. Unga wa dona umesagwa pamoja na kiini cha mahindi, na kiini kina mafuta, hivyo huchacha mapema kuliko sembe. Nyumba ya watu wawili yenye kilo kumi za dona na kilo mbili za sembe imepanga kinyume, hata kama ndoo zake zinang'aa. Fungua ndoo ya dona na uinuse kabla hujaambiwa ni ya lini.

Viungo vikiwa kwenye rafu iliyo juu ya moto, ondoa alama bila kuendelea. Mvuke huvigandisha na joto huvimaliza harufu. Kinachonipendeza ni kuona vizima vingi na vilivyosagwa haba. Karafuu ibonyeze kichwani kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, iliyochoka hukatika kikavu. Bizari ikikulazimu kuingiza pua koponi ndipo uisikie, imebaki rangi tu.

Mrundikano wenyewe, kwa Tanzania, mara nyingi una tarehe ya kuzaliwa: siku ya kicheni pati. Bibi harusi aliletewa hotipoti kwa seti, chupa za chai, glasi za sita sita, na kwa heshima ya waliotoa hakuna kilichoondoka tangu hapo. Sina ugomvi na heshima. Lakini chukua kila chupa ya chai uitikise taratibu. Inayochakarisha vioo ndani imekwisha kufa, na kuitunza hakumwongezei shangazi baraka. Kabati la vioo la sebuleni silitii kwenye hesabu hii kabisa. Hilo ni ndugu wa zidaka za nyumba za Lamu, zilizochongwa kwa chokaa ukutani na kupangwa vyombo vya kaure, na kazi yake ni kuonwa na wageni.

Kisha piga magoti uangalie chini ya sinki. Dawa ya mende, mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, au sabuni ya unga iliyohamishiwa kwenye kopo la chakula, chochote kati ya hivyo kikiwa jirani na unga, jiko limeanguka mtihani na mengine yote hayaliokoi. Mtungi wa gesi ukiwa ndani ya kabati, tafuta matundu ya hewa upande wa chini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, na matundu ya juu hayaisaidii kutoka.

Kipimo kilichobaki hukifanyi wewe. Mwite anayepika hasa, na mara nyingi siye aliyekukaribisha: ni dada wa kazi, au bibi mzaa mama aliyekuja kukaa. Mwombe chai, kisha muendelee na mazungumzo. Usimtazame usoni, tazama mkono. Mkono uliozoea huenda kwenye majani ya chai na kichwa hakigeuki. Akisimama kwa ncha za vidole kuifikia sukari, rafu hiyo ilipangwa kwa kimo cha mtu mwingine. Muulize yeye angeiweka wapi, na muihamishe kabla maji hayajachemka.