Kusikiliza Bila Kubisha Hodi

Asubuhi za Tarime ni za baridi, na fundi wa vifaa tiba niliyekwenda kumtazama akifanya kazi alikuwa hajavua koti alipopiga magoti nyuma ya mashine ya utrasaundi. Alikuwa anasoma kibandiko. Akaandika kwenye daftari jina la kiwanda, namba ya mashine, chumba, na ukuta ambao waya wa mtandao unaingilia. Halafu akaufuata waya ule kwa kidole mpaka ulipopotea ukutani. Akatoka nje, akaukuta upande wa pili umefungwa pamoja na waya wa simu uliokufa zamani, akautenganisha, akaendelea nao mpaka kwenye swichi. Waya mmoja ulimchukua karibu robo saa.

"Mura, hili ni tundu la ngapi?" alimuuliza kijana wa TEHAMA aliyemshikia tochi.

"La kumi na moja, mzee."

Akaandika kumi na moja, akapiga mstari chini yake, akainuka akishika kiuno. Zilibaki nyaya thelathini na kitu.

Hospitali hiyo ya upande wa Tarime ilikuwa na mifumo miwili isiyofahamiana. Wa kwanza hufuatilia vifaa: unajua monita ipi iko wadi gani, ilifanyiwa matengenezo lini, na kama jokofu la chanjo bado liko kati ya nyuzijoto 2 na 8. Wa pili ni programu ya ulinzi wa mtandao, inayokaa pale nyaya zote zinapokutana na kuangalia nani anazungumza na nani. Wa kwanza unawajua wenye nyumba kwa sura lakini ni kiziwi. Wa pili unasikia kila sauti lakini ni kipofu. Programu ya ulinzi ikipiga kelele usiku kwamba 10.20.4.17 inatafuta anwani ngeni nje ya nchi, nani atajua kama hiyo ni printa ya mhasibu au ni monita iliyofungwa kwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua? Fundi na kijana wake walikuwa wanawakutanisha kiziwi na kipofu.

Kinachowaunganisha ni kitu kidogo. Kila kadi ya mtandao hutoka kiwandani na anwani yake ya herufi na tarakimu 12, na sita za mwanzo humtaja aliyeitengeneza. Ile anwani nyingine, ya 10.20, hugawiwa na ruta na inaweza kubadilika umeme ukikatika na kurudi. Ya kiwandani hubaki na mashine kama alama ya sikio inavyobaki na ng'ombe hata akihamishwa zizi. Lakini hata hiyo haitoshi, kwa sababu mwenye kutengeneza kadi mara nyingi siye mwenye kutengeneza mashine. Ndani ya mashine ya kupima damu mna kompyuta ya kawaida kabisa. Programu itakisia kwamba hii ni kompyuta ya mezani. Fundi aliyepiga magoti ndiye anayejua kwamba ni maabara. Ndiyo maana nililiheshimu lile daftari kuliko skrini yoyote niliyoonyeshwa.

Sasa, programu nyingi za ulinzi zina tabia ya kuhesabu watu kwa kubisha hodi. Hupita mlango hadi mlango kwenye mtandao mzima, kila kifaa kikibishiwa milango maelfu, ili kuona nani anaitikia. Kompyuta ya ofisini haiumii kwa hilo. Kifaa tiba cha zamani kinaweza kuganda. Kilijengwa kisikilize neno moja kutoka kwa mwenzake mmoja, na hodi elfu kwa dakika ni kitu ambacho mtengenezaji wake hakukifikiria. Kwa hiyo jambo la kwanza walilolifanya lilikuwa kuizima hodi hiyo. Wakaiagiza swichi itoe nakala ya kila kinachopita na kuipeleka kwenye kompyuta moja iliyokaa kimya, isiyo na ruhusa ya kuviambia vifaa hata neno. Juu yake wakaweka programu mbili za bure, Suricata na Zeek. Hiyo ya pili Vern Paxson aliianza huko Marekani mwaka 1995 ikiitwa Bro. Wakaiacha kompyuta ile isikilize kwa wiki mbili bila kuiuliza chochote.

Nilidhani wiki mbili ni uvivu wa mipango. Fundi alinionyesha sivyo. Kompyuta ya mtu leo inasoma habari, kesho inatafuta matokeo ya mpira, keshokutwa inaangalia bei ya mahindi Sirari, na huwezi kusema kawaida yake ni ipi. Kifaa tiba hakina udadisi. Monita inazungumza na skrini ya mezani kwa nesi, basi, mwaka mzima. Mashine ya eksirei inatuma picha kwenye kompyuta ya kuhifadhia, kwa kawaida kwa mlango wa 104 ambao watu wa DICOM, kanuni ya kubadilishana picha za hospitali, waliuchagua zamani. Mashine ya damu husema pale tu sampuli inapokamilika. Tabia za namna hii huandikwa kwenye ukurasa mmoja, na chochote nje ya ukurasa huo kinastahili mtu kuamka kitandani. Mahali pengine ulinzi wa mtandao ni kazi ya kubahatisha katikati ya kelele. Hospitalini, ukiwa na subira ya kusikiliza kwanza, palipo na kelele panakuwa pachache sana.

Sababu ya subira hiyo dunia iliiona tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipopita kwenye hospitali za Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha tundu ambalo kirusi hicho kilipitia mwezi Machi mwaka huohuo. Ukaguzi wa serikali yao ulikuta mashirika ya afya yasiyopungua 80 kati ya 236 ya England yameguswa, na miadi 6,912 ya wagonjwa imethibitika kufutwa. Kirusi hakikuwa na haja na wagonjwa. Kilibisha mlango mmoja unaojulikana, kikaingia penye wazi, na hospitali nyingine zikazima mashine zao zenyewe kwa kutojua ipi ni nzima.

Huku Mara, ufundi wa kujenga mtandao kwa mikono na vipuri vya kawaida una historia yake, nami siwezi kuipita. Katikati ya miaka ya 2000, watu wa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na chuo cha KTH cha Stockholm waliweka mtandao wa kasi katika wilaya za Bunda na Serengeti, wakitumia nyuzi za mkongo zilizopita kwenye njia za umeme za TANESCO, ili ufike kwenye shule, ofisi za halmashauri na hospitali. Amos Nungu, ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa COSTECH, aliandikia tasnifu yake KTH juu ya mtandao huo na kuimaliza mwaka 2011. Kilichonivutia katika kazi yao ni jinsi walivyolichukulia tatizo la umeme. Hawakulalamika kwamba unakatika. Walitengeneza ruta za kula umeme kidogo, kwa programu huria na vipuri vinavyopatikana dukani, wakatafuta namna ya kuzilisha kwa jua. Kompyuta ile kimya ya Tarime ni ya ukoo huo. Imetoka kwenye ofisi iliyobadilishiwa vifaa, ina yupiesi ya kuishikilia mpaka jenereta liwake, na kijana wa TEHAMA anaweza kuifungua yote mezani na kukuambia kila kipande kinafanya nini.

Mahali walipohangaika zaidi ni kwenye saa. Ili mifumo miwili isimulie kisa kimoja, lazima ikubaliane kisa kilitokea lini. Betri ndogo ndani ya mashine mbili ilikuwa imekufa, kwa hiyo kila umeme ukikatika zilirudi miaka ya nyuma na kuanza kuhesabu upya. Programu ya ulinzi iliandika kwa saa ya dunia, nyuma yetu kwa saa tatu. Na nesi aliandika kwenye kitabu cha ripoti kwa saa zetu. Tukio moja, skrini ya wadi ya wazazi kuganda, lilikuwa na majina matatu: 19:00 kwenye programu, 22:00 kwenye mfumo wa vifaa, na saa 4 usiku kwa mwandiko wa nesi. Yalikaa kwenye kurasa tatu kama matukio matatu. Walibadilisha betri, wakaiweka kompyuta moja iwe mwenye saa kwa wengine wote, na kwenye kila taarifa wakaamuru saa ya Kiswahili itangulie. Kijana alipinga kidogo, akisema kompyuta za dunia nzima hutumia saa 24. Fundi akamjibu, "Anayesoma ni nani, mura?" Ikaisha.

Kisha lilikuwepo jambo la siri. Lugha ambayo mashine za maabara hutumia kupeleka majibu, HL7, mara nyingi husafiri wazi kama barua isiyo na bahasha: jina la mgonjwa, kipimo, jibu. Anayesikiliza waya anasoma yote. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi, na taarifa za afya zimo kati ya zile inazozilinda zaidi. Lakini kijana hakuanza na sheria. Alisema kwamba katika mji huu kila mtu ni shemeji wa mtu. Wakaipanga programu itunze nani amezungumza na nani, kwa mlango gani, kwa muda gani, na kiasi gani, na maneno yenyewe iyaache yapite.

Niliyoyasema yote hayo ni maandalizi. Uamuzi mgumu ulikuwa huu: programu ikiona kifaa kimeanza tabia ngeni, ifanye nini? Sifa kuu ya programu hizi ni kukata papo hapo. Benki itaishukuru. Lakini ukiikata monita, ingawa pale kitandani itaendelea kuonyesha mapigo, skrini ya mezani kwa nesi inakuwa giza, na usiku nesi ni mmoja kwa wadi nzima. Fundi alikwenda na daftari lake wadi kwa wadi kuuliza swali moja: hiki kikinyamaza, nani anaumia na baada ya muda gani? Aliwauliza manesi, akamuuliza mtu wa usingizi, akamuuliza mtu wa maabara.

Majibu yakawa sheria za programu. Kompyuta ya mhasibu inakatwa mara moja. Monita haikatwi: hufungwa lango la nje tu, na njia ya kwenda mezani kwa nesi hubaki wazi. Mashine ya GeneXpert ya kupima kifua kikuu ilihitaji kufikiriwa peke yake. Inaendeshwa na kompyuta ya kawaida, na vijana huchomeka flashi humo kuchukua matokeo, kwa hiyo ndiyo yenye hatari kubwa. Lakini makohozi yaliyomo huenda ni ya mchimbaji aliyepanda pikipiki kutoka Nyamongo tangu alfajiri, na kipimo huisha ndani ya saa mbili. Wakakubaliana: lango la nje lifungwe, kipimo kimalizike, ndipo kompyuta ikatwe.

Jioni ya mwisho walijaribu. Kijana alichukua kompyuta yake mpakato, akaifanya ijifanye mgeni, akaanza kuiita monita moja ya wadi ya wazazi ambayo haikuwa na mgonjwa. Nilihesabu sekunde kwa midomo. Simu ya zamu mezani kwa nesi ikalia, naye akasoma kwa sauti: "Monita namba 3, wadi ya wazazi, inaitwa na kifaa kisichojulikana. Usizime. Mwite fundi."

Alikuwa mama mtu mzima, wa miaka mingi kazini. Akaangalia vitanda, akaangalia tena simu.

"Fundi, namba 3 ndiyo ipi?"

"Shikamoo tena, mama. Ni ile pale, ya karibu na dirisha."

"Marahaba. Basi sisi tunaiita ya dirishani. Hiyo namba mmeibandika nyuma, nani ataigeuza usiku?"

Fundi hakujibu. Alifungua daftari, akatafuta tundu la ishirini na sita, na pembeni ya namba ya kiwandani akaandika: ya dirishani. Halafu akamwuliza mama huyo, mmoja baada ya mwingine, vitanda vingine wanaviitaje.