Damu Haisemi Hivyo, Ndugu Mwandishi

Kabla sijawanyooshea wenzangu kidole, nianze na mimi mwenyewe, maana mkosaji wa kwanza ni mimi. Katika mswada wa riwaya yangu, niliouandika kwa mkono kwenye kaunta buku nne (haujapata mchapishaji, msiniulize), sura ya kumi na moja ndiyo niliyokuwa naiona moto wa kuotea mbali. Baba anarudi kutoka safari. Mwanawe wa mwisho, wa mwaka mmoja, amelazwa. Viganja na nyayo zimevimba, analia usiku kucha. Daktari anasema ni siko seli. Baba anasimama katikati ya wodi, anamtazama mkewe: "Kwetu hakuna ugonjwa huo. Huyu mtoto si wangu." Mama anaanguka chini. Pazia.

Niliisoma Jumamosi moja tulipokutana kusomeana kazi kama kawaida yetu. Watu wakapiga makofi. Dada mmoja hakupiga. Alisubiri kelele zitulie, akaniuliza taratibu tu: "Kwa hiyo, kaka, mama yangu ni malaya?" Mdogo wake ana siko seli. Nikajichekesha, nikasema ah, hii ni hadithi tu.

Jibu la kitoto hilo. Kama ni hadithi tu, kwa nini nilitaka wanaonisikiliza waamini kwamba mama yule ana hatia? Nilimtia hatiani kwa ushahidi wa uongo, halafu nikaomba makofi. Nilipofika nyumbani nikafukua daftari langu la baiolojia la kidato cha nne, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma miswada ya wenzangu kwa jicho jingine. Jamani, hali ni mbaya. Tunaandika juu ya damu kila siku na hatujui damu inavyofanya kazi.

Kosa letu kubwa, nadhani, ni kwamba tunaufikiria urithi kama chai ya maziwa. Baba ni chai, mama ni maziwa, mtoto ni rangi ya katikati, na ukishachanganya huwezi kuyatoa tena maziwa. Tusijione wajinga sana, kwani hata Charles Darwin, aliyetoa kitabu chake kikuu mwaka 1859, hakujua urithi unapitaje kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, na jambo hilo lilimsumbua. Maana kama kila kitu kinachanganyika hivyo, sifa mpya nzuri ikitokea kwa mmoja itapunguzwa nusu kwa watoto, robo kwa wajukuu, mpaka iishe kama tone la maziwa kwenye sufuria la chai. Mageuko yangefanyika vipi?

Jibu lilikuwa kwenye bustani ya mtawa mmoja, Gregor Mendel, katika mji wa Brno, ambao leo uko Jamhuri ya Cheki. Alipanda njegere miaka nenda rudi na kuzihesabu. Alipozalisha njegere za mviringo na zenye mikunjo, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Mikunjo ilikuwa imekufa? Hasha. Kizazi kilichofuata alihesabu za mviringo 5,474 na zenye mikunjo 1,850, karibu tatu kwa moja. Mikunjo ilikuwa imejificha tu, nzima, haijapungua hata chembe. Mendel alichapisha kazi yake mwaka 1866 na karibu hakuna aliyemjali. Akafa mwaka 1884, na wataalamu wakaja kuigundua upya mwaka 1900. (Ninyi mnaolia kwamba mhariri amekaa na hadithi yenu miezi mitatu, mfikirieni huyu.)

Kwa hiyo urithi ni makande. Mahindi na maharage yamepikwa sufuria moja, lakini hindi ni hindi na haragwe ni haragwe, na mbele ya safari linaweza kutoka lilivyo. Kila mtoto hupata jeni moja ya kila jozi kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nyingine hujionyesha, nyingine hukaa kimya vizazi na vizazi.

Ukilielewa hilo, nusu ya vilele vya hadithi zetu vinaporomoka. Chukua ile ya kundi la damu, ambayo nimeikuta kwenye miswada zaidi ya mmoja. Baba ni A, mama ni B, mtoto anapimwa anakutwa O, basi baba anavunja vyombo. Lakini baba wa kundi A anaweza kubeba O iliyojificha, na mama wa B vilevile. Mtoto akichukua O mbili, ni O na ni wao kabisa. Angeandika wazazi wote ni O na mtoto ni AB, hapo angalau kuna la kuuliza. Au ile ya mke anayefukuzwa kwa kuzaa wasichana watupu, na mwandishi anamwonea huruma lakini hamtetei, kana kwamba kweli kosa ni lake na tunaombwa tu kumsamehe. Yai la mama siku zote lina kromosomu X. Mbegu ya baba ndiyo inayokuja na X au Y. Hata mhusika mmoja wa kulisema hilo hakuna? Hata nesi anayepita?

Sasa turudi wodini kwangu. Mtoto huugua siko seli aliyoisema daktari wangu pale anapopata jeni ya ugonjwa huo kutoka pande zote mbili. Anayeipata upande mmoja tu ni mbebaji. Kwa kawaida haumwi, haonekani, anacheza mpira na kuzeeka bila kujua. Kwa hiyo "kwetu hakuna ugonjwa huo" si ushahidi wa kitu chochote, kwa sababu jeni inaweza kupita katika ukoo mzima bila mtu kulazwa. Na tazama kejeli yake: kama mtoto yule ni wa damu yake, ugonjwa ule ule anaoutumia kumkana unasema yeye baba naye amempa nusu. Mimi mwandishi nilikuwa nimekaa juu ya kejeli nzuri kuliko zote katika riwaya yangu na sikuiona.

Kuna mwenzetu mwingine aliyeandika juu ya ugonjwa huu, na yeye amejitahidi kusoma. Mganga wake anawaambia wazazi wote wabebaji: mtapata watatu wazima, wa nne ndiye atakayeugua. Basi familia nzima inamsubiri wa nne kama hukumu. Inasisimua, lakini ni uongo. Robo ni bahati ya kila uzazi peke yake. Ni kama kurusha shilingi mbili. Kwamba jana zilianguka vizuri hazikumbuki. Wanaweza kuugua wawili wa kwanza, anaweza asiugue hata mmoja kati ya sita. Riwaya inayowafanya wazazi wangoje namba nne imewaondolea hofu ya kweli, ambayo ni kwamba kila mimba inaanza upya.

Halafu kuna la laana. Katika hadithi zetu ugonjwa wa mtoto ni karibu kila mara faini ya dhambi ya mzazi. Nami nauliza, kwa nini jeni hii haikutoweka zamani, ikiwa watoto waliopata mbili walikuwa wakifa wadogo? Swali hili lilijibiwa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya na aliyekuwa akisomea udaktari Oxford, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za Kenya. Akaona ajabu: pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji walifika hata asilimia 20 na kuzidi katika baadhi ya jamii, lakini nyanda za juu zenye baridi walikuwa chini ya asilimia 1. Palipo na malaria jeni ipo; pasipo na malaria ni adimu. Baada ya kuchunguza watoto karibu na Kampala, mwaka 1954 alichapisha kwamba wabebaji wana kinga fulani dhidi ya malaria. Si kwamba hawaumwi malaria kabisa. Ile kali inayoua ndiyo inawapata kwa nadra zaidi.

Huo ndio uteuzi wa asili, bila mbwembwe. Mwenzangu mmoja ana jambazi wake Manzese anayesema "Darwin kasema mwenye nguvu ndiye anabaki", kisha anampora mama ntilie. Msemo ule wa kubaki kwa anayefaa aliuanzisha Herbert Spencer mwaka 1864, Darwin akaja kuuazima. Na kufaa si misuli. Jeni moja inafaa Kisumu na haina faida milimani kusiko na mbu. Inamwokoa aliyenayo moja na kumtesa aliyenazo mbili. Haichagui mwema, haimwadhibu mzinzi. Mhusika jambazi aseme anachotaka, majambazi husema mengi, lakini hadithi nzima isimkubalie.

Fikirieni tungeandika hivi: babu alipona malaria utotoni wakati ndugu zake wawili wanazikwa, akaoa, akazaa, akapitisha jeni iliyomsaidia, na sasa amekaa pembeni ya kitanda cha mjukuu anayelia kwa maumivu ya mifupa. Hakuna aliyekosa. Ni wapi mtapata huzuni kubwa kuliko hiyo, na laana ya nini tena? Hapa Tanzania inakadiriwa watoto kama 11,000 wanazaliwa na siko seli kila mwaka. Mama zao wanasoma. Baba zao wanasoma. Na mawifi, ambao ndio naogopa zaidi.

Mtaniambia sasa kuna kipimo cha vinasaba kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, tuwapeleke wahusika wote huko tumalize. Nimeshaona miswada inayofanya hivyo. Bahasha inafunguliwa ukurasa wa mwisho, kila mtu anajua baba ni nani, na hakuna tena hadithi. Bahasha inajibu swali la nani, basi. Haimwambii baba afanye nini na miaka mitano aliyomtesa mke wake bure.

Sura ya kumi na moja nimeiandika upya mara tatu. Baba bado anasema maneno yale yale wodini, kwa sababu akina baba wanayasema, ila safari hii nesi anamwambia na yeye apimwe. Anakataa. Wiki mbili baadaye anakwenda peke yake asubuhi na mapema, bila kumwambia mtu, na anarudi nyumbani na karatasi mfukoni asiyoweza kumwonyesha mke wake. Nilimpelekea yule dada asome kwanza kabla ya Jumamosi. Ameirudisha jana na neno moja limekatwa kwa penseli, mahali ambapo shangazi wa kijijini anasema "kromosomu".