Mizigo ya Neno "Kiendeshi"

Hivi karibuni nililetewa nisahihishe mwongozo mfupi uliofasiriwa kwa Kiswahili, unaomweleza mtumishi wa ofisi namna ya kuweka mfumo endeshi wa Linux katika kompyuta ya mapajani. Lugha yake ilikuwa safi na sarufi yake haikuwa na dosari. Hata hivyo, nilipoketi na kompyuta mbele yangu nikaufuata neno kwa neno, kadi ya waifai haikufanya kazi. Kosa halikuwa la kompyuta, wala la Linux. Lilikuwa la istilahi. Na kwa kuwa nimeliona kosa hilo hilo katika tafsiri nyingine, yafaa tulitazame kwa urefu kidogo.

Mfasiri alitumia neno "kiendeshi" kwa vitu vitatu. Kwanza, diski inayohifadhi mafaili. Pili, ile programu ambayo mafundi wetu huiita draiva, inayokiwezesha kiini cha mfumo kuwasiliana na kifaa fulani, kama vile kamera au kadi ya waifai. Tatu, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe na kufanya kazi humo humo, nayo mafundi huiita fimwea. Ukiongeza na "mfumo endeshi" wenyewe, utaona kwamba kitenzi kimoja, kuendesha, kimetwishwa mizigo minne.

Pengine msomaji atauliza kama tofauti hizi si za wataalamu tu, zisizomhusu karani. La hasha. Linux, ambayo kiini chake kilitolewa kwa mara ya kwanza na Linus Torvalds mwaka 1991, ina desturi yake. Draiva nyingi huwa zimo tayari ndani ya kiini, wala mtu hana haja ya kuzitafuta. Kinachokosekana aghalabu ni fimwea, maana hiyo ni mali ya kiwanda kilichotengeneza kifaa, na msimbo wake hautolewi. Watengenezaji wa Debian, mathalani, waliitenga fimwea ya namna hiyo na kiini kuanzia toleo la 6 la mwaka 2011, na mwenye kompyuta iliyoihitaji alilazimika kuileta kwa njia nyingine, kwa mfano kwa flashi. Mwaka 2022 walipiga kura kubadili utaratibu huo, na tangu toleo la 12 la mwaka 2023 fimwea hizo zimo katika diski rasmi za kuwekea mfumo. Sasa mwambie msomaji wa toleo la zamani kwamba "kiendeshi hakipo". Atatafuta draiva, ataikuta ipo, atabaki ameduwaa.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa kadi za kampuni ya Broadcom zilizokuwa katika kompyuta nyingi za mapajani za miaka ya 2000. Draiva huria ya kadi hizo, iitwayo b43, iliandikwa na watu waliotegemea uchunguzi wa namna kadi inavyofanya kazi. Fimwea yake hawakuwa na idhini ya kuisambaza. Kwa hiyo ikatengenezwa zana, b43-fwcutter, ya kuikata fimwea kutoka ndani ya draiva ya kampuni. Maelezo haya yanaeleweka maadamu kila kitu kina jina lake. Katika mwongozo niliousoma yalitoka hivi: "Toa kiendeshi ndani ya kiendeshi ili kiendeshi kifanye kazi." Nilicheka, kisha nikamhurumia karani.

Maoni yangu ni haya. Diski iitwe diski, au hifadhi. Kompyuta nyingi za siku hizi zina hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, na kuiita kiendeshi ni kufuata tu mazoea ya Kiingereza, ambayo nayo yamepitwa na kifaa chenyewe. Hapo "kiendeshi" litabaki huru kwa ajili ya draiva. Wapo wanaopendelea "kiendeshaji". Umbo lake silipingi, ila likisomwa darasani kando ya "kiendeshi" yatachanganyika tu. Ama kwa fimwea, sina neno la kujivunia. "Programu ya ndani" haitoshi, kwani ni programu ipi iliyo nje? Mimi hutumia "programu ya kifaa", na pale inapoleta utata huandika fimwea bila haya. "Diski" na "kompyuta" ziliingia kwa mlango huo huo, ingawa wenzetu wengi wa Kenya husema tarakilishi, na ile ya mapajani huiita kipakatalishi, neno ambalo kwa kweli nalionea wivu.

Kuna kosa la pili, na hili halina udhuru. Mwongozo ulizitaja "fimwea zisizo za bure". Karani niliyemwonyesha aliniuliza zitanunuliwa kwa kifungu gani cha bajeti. Kumbe fimwea hizo hazilipiwi hata senti. Kinachokosekana ni ruhusa ya kuusoma msimbo wake na kuubadili. Kiingereza kina neno moja kwa maana zote mbili, na wenyewe hulazimika kulifafanua kila mara. Sisi tunayo mawili, bure na huria, nasi twayachanganya kwa hiari yetu! Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wake hulipa ada. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba huria maana yake ni kutolipa.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice mwaka 2004, nayo ilikuwa kazi ya programu za ofisi. Istilahi za vifaa zinadai kazi yake mbali. Hata jambo dogo la kufunika kompyuta linadai maneno mawili: mwongozo unasema "lala" pale ambapo kazi inabaki katika kumbukumbu ya muda na betri inaendelea kutumika, na unasema "lala" pia pale ambapo kazi inaandikwa kwenye diski na umeme kuzimwa. Katika hali ya kwanza betri ikiisha, kazi isiyohifadhiwa imepotea. Ya kwanza ingeitwa kusinzia.

Nimemrudishia mfasiri mwongozo wake pamoja na marekebisho haya, na nimemwomba aufuate yeye mwenyewe, kompyuta ikiwa mezani, kabla ya kuupeleka kupigwa chapa.